Baiskeli Hii Iliundwa na Nani?

Jumamosi moja asubuhi watu wawili walifika ofisini kwetu parokiani wakisukuma baiskeli moja. Huyu ameshika usukani, huyu ameshika karia, na nyuma yao kundi la watoto kama wafuatao ngoma. Mmoja alikuwa kijana wa kigango cha mlimani. Wa pili alikuwa mzee wa kijiji cha jirani, mtu mwenye heshima zake na mwimbaji wa kwaya. Mzee alisema baiskeli ile ni yake, iliibwa uani kwake miaka miwili iliyopita. Kijana alisema ni ya marehemu babu yake, aliyekuwa katekista. Baba Paroko alikuwa amekwenda kuwapelekea wagonjwa sakramenti, basi shauri likaniangukia mimi karani.

"Shikamoo, mzee. Una alama gani ya kuijua baiskeli yako?"

"Marahaba, karani. Yangu ilikuwa nyeusi, na ilikuwa Raleigh. Hii ni nyeusi, na jina la Raleigh hili hapa limebandikwa. Unataka alama gani tena? Nikitoka hapa naenda polisi."

Kijana hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Alikuwa na neno lake tu, na midomo ilikuwa ikimtetemeka.

Sikujibu upesi. Niliinama nikaitazama foki, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Kisha nikamwuliza mzee: "Foki ya baiskeli yako ilikuwa na bomba moja kila upande, au mawili?"

"Moja, kama baiskeli zote."

"Basi, mzee wangu, njoo uinamie hapa."

Kila upande wa foki ile palikuwa na mabomba mawili membamba, moja mbele na moja nyuma, yamekwenda sambamba kutoka juu mpaka kwenye ekseli. Mzee alitazama, akanyamaza. Mwisho wa shauri hilo nitawaeleza baadaye. Kwanza nataka tujifunze pamoja jambo ambalo wengi wetu hatulitazami, ingawa tunalipanda kila siku: fremu ya baiskeli humtaja fundi wake.

KWA NINI NYINGI HUFANANA

Ukiziweka baiskeli kumi mlangoni pa kanisa siku ya Dominika, utaona karibu zote zina umbo moja. Kuna bomba la juu, bomba la chini linaloshuka kwenye pedeli, bomba linalosimama chini ya kiti, na vijiti vinavyokwenda nyuma kushika gurudumu. Ukitazama vizuri utaona pembetatu mbili zilizopakana.

Umbo hili lina asili yake. Mwaka 1885, mjini Coventry, Uingereza, Bwana John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover. Kabla yake watu walipanda baiskeli yenye gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, na aliyeanguka alianguka kutoka juu kama atokaye mwembeni. Rover ilikuwa na magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma. Haikupita miaka mingi mafundi wakaifikia fremu ya pembetatu mbili tunayoijua.

Sababu ya umbo hilo kudumu ni nyepesi. Chukua vijiti vinne uvifunge kamba pembeni viwe mraba, kisha usukume: mraba utalala. Sasa funga vitatu viwe pembetatu, usukume tena: haitalala mpaka kijiti kivunjike. Seremala anayeezeka paa lenu analijua jambo hili. Ndiyo maana fremu yenye mabomba membamba hubeba baba, mama, na gunia la mahindi.

Basi kama umbo hili ni jema hivi, kwa nini wako mafundi walioliacha? Kila fremu ya ajabu nitakayowatajia ni jibu la swali ambalo mtu fulani alikuwa nalo moyoni. Ukilijua swali, umeanza kumjua fundi.

ALAMA ZA BAISKELI ZA BABU ZETU

Tuanze na zile zilizofika kwetu. Katika siku za wazazi na babu zetu, baiskeli nyingi za Afrika Mashariki zilitoka Uingereza, na kila kiwanda kiliweka alama katika chuma chenyewe, mahali ambapo rangi haiwezi kuifuta.

Raleigh ilianza katika miaka ya 1880 mjini Nottingham, na jina lake ni jina la mtaa ilikoanzia. Nembo yake ni kichwa cha korongo. Katika baiskeli nyingi za zamani utaviona vichwa vya korongo vimekatwa katika lile gurudumu la meno la mbele, linalovuta mnyororo. Rudge iliweka kiganja cha mkono uliofunguka. BSA ilizaliwa katika kiwanda cha bunduki mjini Birmingham, kwa hiyo nembo yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Na Humber, kama tulivyoona, ilijulikana kwa foki yake ya mabomba mawawili. Gurudumu lake la meno nalo lilikatwa maumbo ya watu wadogo.

Lakini hapa pana mtego. Raleigh ilinunua jina la Humber mwaka 1932, la Rudge mwaka 1943, na baiskeli za BSA mwaka 1957. Alama za zamani ziliendelea kuwekwa, ingawa bwana mwenye kiwanda alikuwa mwingine. Kwa hiyo foki ya mabomba mawili yakuambia jina ambalo baiskeli iliuzwa nalo. Kumjua bwana wa kiwanda kwahitaji kuujua na mwaka pia.

JINA LIKIFICHWA, MKONO HUSEMA

Sasa twende London katika miaka ya 1930. Zilikuwako karakana nyingi ndogo, fundi mmoja au wawili na tanuri lao, wakiunda fremu za mashindano kwa mkono. Washindani wengi walikuwa watu wa ridhaa. Hawakukimbia kwa mshahara, na sheria za michezo ziliwakataza kuifanyia biashara tangazo. Inasimuliwa kwamba hata picha za magazeti zilifutwa jina la mtengenezaji lililoandikwa kwenye bomba. Mafundi wakajiuliza: jina letu likifichwa, watu watatujuaje? Wakaamua kwamba umbo lenyewe la fremu liwe jina. Wakati huo huo kila mmoja alidai kwamba umbo lake lina faida kwa mpandaji.

Mashuhuri kati yao ni Hetchins. Bwana Hyman Hetchin alikuwa mhamiaji kutoka Urusi, na huko Tottenham, upande wa kaskazini wa London, alikuwa na duka la vyombo vya muziki kabla ya baiskeli kuishika biashara yake. Katika fremu za Hetchins za namna hiyo, vijiti vya nyuma vimepindapinda kama nyoka atambaaye, badala ya kunyooka. Alisema mapindo hayo hupunguza mtikisiko wa barabara. Tena viungio, yaani vile vipande vya chuma vinavyounganisha bomba na bomba, vilikatwa maua na ncha kama kazi ya mlango wa Zanzibar. Mtu akiiona fremu hiyo hata imepakwa rangi ya nyumba, hahitaji kuuliza.

Lakini sikieni jambo la pili. Jina lililoandikwa lilikuwa la Bwana Hetchin mwenye duka. Mkono uliochora na kuunda ulikuwa wa fundi wake, Jack Denny, aliyeifanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Wengi walizisifu baiskeli hizo pasipo kumtaja. Leo wapenzi wa baiskeli za zamani humtaja Denny pamoja na Hetchin, na hivyo ndivyo haki.

Ndugu wawili wa ukoo wa Bates nao walikuwa na alama zao. Foki ya baiskeli nyingine hupinda mara moja tu karibu na ekseli. Foki ya Bates hupinda mara mbili, kwenda na kurudi, kama shingo ya bata. Mabomba yao pia yalinenepa katikati na kupungua penye ncha. Macho peke yake huenda yasiuone unene huo, lakini ukipitisha vidole kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho wake, utausikia.

Kaskazini mwa Uingereza, mjini Bradford, karakana ya Baines iliunda fremu ambayo watu waliipa jina la utani, "Geti Linaloruka". Swali la Baines lilikuwa hili: nitawezaje kulisogeza gurudumu la nyuma mbele zaidi, ili baiskeli iwe fupi na nyepesi kupanda kilima? Katika fremu ya kawaida, bomba lililo chini ya kiti limelala nyuma kidogo, nalo hulizuia gurudumu. Baines walilisimamisha wima kutoka kwenye pedeli, kisha wakaweka kipande kingine kifupi cha kushika kiti. Kwa mbali fremu hiyo yafanana na geti la zizi la ng'ombe, na ndipo jina lilipotoka. Karakana ile ilikwisha, lakini katika miaka ya 1970 fundi Trevor Jarvis alianza kuziunda upya.

Yuko na Harry Rensch wa London. Jina lake lilisikika kama la Kijerumani, na Vita Kuu ya Pili ilipokuja, jina la namna hiyo halikuwa zuri dukani. Baiskeli zake zikaitwa Paris. Moja ya fremu zake aliita Galibier, kwa jina la njia ya mlimani katika Ufaransa ambako mashindano ya Tour de France hupita. Mabomba yake hayakupangwa kwa desturi: bomba moja nene lilichukua kazi kubwa ya kubeba. Basi, mtu akikuta Rensch na Paris, asidhani ni mafundi wawili. Ni mtu mmoja aliyebadilisha jina kwa sababu ya vita, na mkono wake ni ule ule.

MTU ALIYEANZA NA KITI

Kati ya wote, habari inayonigusa zaidi ni ya Mikael Pedersen. Alizaliwa Denmark mwaka 1855, akawa fundi wa mambo mengi. Mashine ya kutenganisha maziwa na malai ilimleta Uingereza, akakaa katika mji mdogo wa Dursley, ambako kampuni ya Lister iliitengeneza mashine hiyo.

Pedersen alipenda kupanda baiskeli, lakini viti vya siku zile vilimwumiza. Mtu mwingine angeongeza mto. Yeye alifuma kiti cha wavu, kilichoning'inia kama machela, mbele kimefungwa mahali pamoja na nyuma mahali pamoja, nacho chamfuata mpandaji anavyokwenda. Kikawa chepesi na chenye raha. Taabu ikawa moja: fremu ya kawaida haikuwa na mahali pa kukining'iniza.

Basi hakukibadili kiti kifuate fremu. Aliibadili fremu ifuate kiti. Alitumia mabomba membamba sana, mengi yakienda mawili mawili, akayapanga katika pembetatu nyingi kama madaraja ya reli yanavyopangwa. Hakuna bomba linalosimama chini ya kiti, maana kiti hakisimami juu ya kitu, kimetundikwa. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1893, na baiskeli ikajulikana kama Dursley Pedersen. Kwa kuwa kiti hakikuweza kupandishwa na kushushwa kama cha kawaida, ilitengenezwa kwa vipimo vinane, vya watu wafupi na warefu. Tena Pedersen alivumbua kitovu cha gurudumu chenye gia tatu, mwanzoni mwa karne ya 20.

Ukiiona mara moja hutaisahau. Kwa ubavuni yafanana na kazi ya buibui. Watu wa Dursley waliipanda, na waungwana wa miji mingine waliinunua. Lakini ilikuwa ghali na ngumu kuunda, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kazi yake ilikoma. Mwaka 1920 Pedersen alirudi Denmark. Huko alifariki mwaka 1929, hali yake ikiwa ya umaskini.

Baiskeli zake zikabaki katika maghala na majumba ya kumbukumbu, na waliozikuta wakauliza: nani aliunda kitu hiki? Swali hilo halikufa. Mwaka 1978 fundi mmoja wa Copenhagen, Jesper Sølling, alianza kuziunda tena, na hata leo zipo barabarani. Na mwaka 1995 mabaki ya Pedersen yalitolewa Denmark, yakaletwa Dursley, yakazikwa kwa heshima katika mji ulioibeba baiskeli yake kwa jina. Miaka 66 baada ya kufa kwake, watu waliitazama kazi wakamkumbuka mtu.

BAISKELI YA MAGURUDUMU MADOGO

Nitaje kwa ufupi na Alex Moulton wa Bradford-on-Avon. Mwaka 1956, vita vya Mfereji wa Suez viliifanya petroli kuwa haba Uingereza, naye akaanza kufikiri juu ya baiskeli. Mwaka 1962 alitoa baiskeli yenye magurudumu ya inchi 16, pasipo bomba la juu, mwanamke mwenye sketi na mwanamume mwenye suruali waipande pasipo shida. Gurudumu dogo huruka juu ya mawe kuliko kubwa. Basi yeye aliyekuwa fundi wa springi za mpira akaweka springi mbele na nyuma. Watu walicheka, kisha wakanunua.

NA KWETU JE?

Mafundi wa namna hiyo si wa Ulaya peke yake. Mtu aliyefika Goma, katika Kivu ya Kongo, ameiona chukudu. Fremu yake ni mbao ngumu. Magurudumu yake ni mbao vilevile, yamevikwa mpira wa matairi ya zamani. Haina pedeli wala mnyororo. Penye mteremko mwenyewe hupiga goti juu yake ikashuka, na penye kilima huisukuma. Viazi, makaa, kuni na mbao huingia mjini juu yake. Mwaka 2009 ilisimamishwa mjini humo sanamu kubwa ya mtu na chukudu yake. Nao walioziunda walijiuliza swali kama la Pedersen: nina mti, nina panga, nina mzigo na barabara ya mawe ya volkano, nifanye nini?

JINSI YA KUIHOJI FREMU

Sasa tufike kwenye kazi. Ikiwa baiskeli ya zamani imekufikia mkononi, ya urithi au ya kununua, usianze kwa kusoma jina. Karatasi ya kubandika hununuliwa sokoni, na fundi anayepaka rangi hubandika ile aliyo nayo. Fuata njia hii.

Kwanza, simama hatua tano mbali uitazame kwa ubavu. Mabomba ni mangapi? Kuna pembetatu isiyo ya kawaida? Vijiti vya nyuma vimenyooka au vimepinda?

Pili, isogelee. Tazama foki, tazama viungio, tazama gurudumu la meno. Lakini kumbuka kwamba foki na gurudumu la meno huweza kubadilishwa. Viungio haviwezi, maana vimechomelewa pamoja na fremu.

Tatu, pitisha vidole. Palipo na matundu ya misumari kwenye shingo ya usukani, palikuwa na nembo. Umbali wa tundu na tundu huweza kuonyesha ilikuwa nembo gani.

Nne, uliza hesi. Kwenye baiskeli ya Kiingereza, kikombe cha gololi za pedeli kilicho upande wa mnyororo hufunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Kwenye ya Kitaliano hufunguliwa kinyume chake. Hesi za Raleigh zenyewe zilikuwa ndogo zaidi: 26 katika inchi moja, wakati karakana nyingine za Kiingereza ziliweka 24. Fundi wa baiskeli aliyejaribu kulazimisha kikombe cha nje ndani ya Raleigh analijua jambo hili kwa majonzi.

Tano, na hili ndilo kubwa, tafuta namba. Hupigwa katika chuma kwa nyundo, mara nyingi juu karibu na kiti, au chini ya mahali ekseli ya pedeli inapopita. Kitambaa na mafuta ya taa hutosha kuondoa uchafu. Usikwangue kwa nguvu, usije ukaifuta.

MWISHO WA SHAURI

Ndivyo nilivyofanya Jumamosi ile. Foki ilitwambia Humber, na vile vimtu vya kwenye gurudumu la meno vilikubali. Lakini niliwaambia wote wawili kwamba foki huhama, hata gurudumu la meno huhama. Tukaigeuza baiskeli. Kijana mwenyewe alishika kitambaa akasugua karibu na kiti, na chini ya rangi nyeusi ikatokea rangi ya kijani, na chini ya kijani zikatokea namba.

Nikafungua kabati la vitabu vya misheni. Mapadre wa zamani walikuwa na tabia njema ya kuandika kila kitu, hata majembe. Katika kitabu cha mali cha mwaka 1961 nikaukuta mstari mmoja: baiskeli ya Humber, namba yake, na jina la katekista aliyepewa. Nikamsomea mzee namba tarakimu kwa tarakimu, naye akazifuata kwa kidole kwenye chuma. Zilikuwa zile zile.

Mzee alivua kofia. "Mjukuu wangu," alimwambia kijana, "nimekukosea mbele ya watu. Nami mbele ya watu hawa hawa nakuomba radhi."

"Yamekwisha, babu," kijana akajibu. "Nawe umeibiwa kweli."

Naam, ameibiwa kweli. Mzee yule hakuwa mwongo. Macho yake yaliishia kwenye rangi na jina lililobandikwa, na kwa sababu hiyo tu mtoto wa watu angelala mahabusu. Nilimwuliza kama aliwahi kuandika namba ya baiskeli yake. Hakuwahi. Kwa hiyo hata leo ikipita mbele yake imepakwa rangi nyekundu, hataweza kuidai.

Huko Italia, karibu na ziwa Como, liko kanisa dogo la Mama wa Mungu wa Ghisallo. Mwaka 1949 Baba Mtakatifu Pio XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani ya kanisa hilo zimetundikwa baiskeli za mabingwa, Coppi na Bartali miongoni mwao, na pia ile ya kijana Fabio Casartelli, aliyeanguka akafa katika Tour de France ya mwaka 1995. Fremu yake imewekwa pale ilivyovunjika. Wanaoingia hupiga ishara ya msalaba, kisha husimama wakitazama vyuma hivyo, kila kimoja kikiwa na historia ya aliyekiunda na aliyekipanda.

Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi, na hakuna mlango wala jembe lililobaki lenye jina lake. Lakini aliyenunua kwake alijua kazi imetoka mkono gani. Basi nanyi akina baba, jioni hii kabla ya Rozari, igeuzeni baiskeli. Sugueni kwa mafuta ya taa. Mwiteni mtoto anayejua kusoma aitaje namba, na mama aiandike katika daftari pamoja na tarehe za ubatizo wa watoto. Siku moja mstari huo mmoja huenda ukamwokoa mtu asiye na kosa.